Kichwa Hakina Foleni

Nchi ya Shwari haimo katika ramani yoyote inayouzwa madukani, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asimtazame jirani yake kwa jicho la kuuliza. Ni nchi ya mbali. Ina milima, ina wizara nyingi kuliko milima, na kila jioni redio yake humaliza taarifa ya habari kwa kuwatangazia wananchi kwamba hali ni shwari, hata siku ambayo mtangazaji amesoma taarifa hiyo kwa mwanga wa mshumaa.

Katika nchi hiyo hakukuwa na ugonjwa wa akili. Jambo hili lilikuwa limeamuliwa na Baraza la Mawaziri zamani, kwa kauli moja, baada ya chakula cha mchana. Waliokuwa wagonjwa kabla ya uamuzi huo walipewa muda wa kupona. Walioshindwa kupona kwa wakati walipelekwa mwisho wa lami, nyuma ya dampo la mji, kwenye majengo ya mawe yaliyoitwa Kituo cha Taifa cha Mapumziko, na huko ndiko alikofanya kazi Daktari Hiza.

Daktari Hiza alikuwa daktari pekee wa magonjwa ya akili katika nchi nzima, ingawa kibao cha mlangoni kwake kilisema yeye ni Msimamizi wa Mapumziko. Alikuwa mzee wa sauti ya chini, mwenye kufikiri kabla ya kusema, na mara nyingi akishafikiri aliona hakuna haja tena ya kusema. Aliwahi kuusikia, tena kwa watu wenye elimu zao, ule mzaha kwamba wenye wazimu hasa ni walioko nje ya ukuta na wa ndani ndio wazima. Hakuupenda. Wagonjwa wake walikuwa wanaumwa. Fundi Kitwana, aliyekuwa akitengeneza redio mjini, alisikia kuta zikimtukana mchana kutwa, na hakuna siku Daktari Hiza aliyoona cha kuchekesha katika jambo hilo.

Mgonjwa mpya akifika, Daktari Hiza hakumwuliza jina la Rais wala leo ni siku gani. Alimwuliza alilala lini mara ya mwisho.

"Ukiwa hujui uanzie wapi, anzia kwenye usingizi," alimwambia Sikudhani. "Mtu anaweza kudanganya mambo yake yote, lakini akifika kwenye usingizi huchoka kudanganya."

Sikudhani alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa mwisho. Wenzake walipoletwa kituoni kwa mafunzo walikaa karibu na geti na kuangalia saa. Yeye aliingia wodini, akavuta kigoda, akakaa na Fundi Kitwana mpaka wakati wa chakula, kisha akarudi wiki iliyofuata bila kuletwa na mtu. Daktari Hiza hakumsifu, kwa sababu aliogopa kumtisha. Lakini tangu siku hiyo alianza kunyoa ndevu.

Alikuwa na sababu ya kumhitaji. Sheria ya Elimu ya Udaktari ilisema kwamba fani isiyopata mwanafunzi hata mmoja kwa miaka mitatu mfululizo ifutwe, na majengo yake yakabidhiwe kwa idara yenye tija. Miaka miwili ilikuwa imepita bila mtu. Idara yenye tija ilikwishajitokeza: Chuo cha Itifaki, kilichohitaji uwanja mpana wa kufundishia watu namna ya kupokea wageni. Maofisa wake walishakuja kupima veranda. Kuhusu wagonjwa, waraka wa wizara ulisema kwa upole kwamba watarejea majumbani kwao. Wengi hawakuwa na majumba, na wachache waliokuwa nayo walikuwa wamefungwa kamba humo kabla hawajaletwa.

*

Huko Shwari mambo yote huchaguliwa kwa mlolongo. Zamani walitumia karatasi, lakini karatasi zilikuwa na tabia ya kutoa matokeo yasiyotarajiwa, kwa hiyo zikaachwa. Sasa anayetaka kuchagua husimama nyuma ya anayemtaka, mchana kweupe, kila mtu akimwona. Ndivyo walivyochaguliwa wabunge, viranja wa shule na ndege wa taifa. Mlolongo ukishapangwa, Mkurugenzi wa Milolongo huupitia akiwa na fimbo yake, hutazama mbele, hutazama nyuma, kisha hutangaza upi mrefu. Macho ya mwananchi hayaruhusiwi kupingana na macho ya Mkurugenzi.

Wanafunzi wa udaktari nao walichagua fani zao hivyo hivyo. Kila mwaka uwanja wa mpira ulichorwa miduara ya chokaa, na katika kila duara alisimama bingwa mmoja: wa moyo, wa watoto, wa macho, wa mifupa. Wanafunzi walijipanga nyuma yao huku familia zikitazama kutoka majukwaani na mavazi yao ya sikukuu. Kisha ilifuata saa ya kuvuta. Hii ilikuwa mila, si sheria, nayo ilikuwa kongwe kuliko serikali yenyewe. Mzazi asiyeridhika na mlolongo wa mwanawe alikuwa na haki ya kushuka uwanjani, akamshika mkono, akamvuta mpaka mlolongo mwingine, mara moja tu, na hakuna mkubwa aliyeweza kumzuia. Mabingwa wa moyo walinenepa kwa mila hiyo. Daktari Hiza, katika miaka yake yote ya kusimama kwenye duara la mwisho karibu na vyoo, aliona watoto wakivutwa kutoka kwake mara nyingi. Hajawahi kuona hata mmoja akivutwa kuja kwake.

*

Mwaka ule wa tatu walifika wageni wa Shirika la Nia Njema, watu wenye kamera na viatu vya kupandia milima. Walimwuliza Mheshimiwa Waziri wa Afya nchi yake ina madaktari wangapi wa akili. Waziri akajibu kwa fahari kwamba hawahitajiki. Wageni wakatazamana. Walisema hiyo ni habari ya kusikitisha, maana walikuja na nia ya kujenga hospitali mpya kwa nchi itakayoonyesha vijana wenye moyo wa kusomea fani hiyo.

Waziri hakupepesa macho. Aliwaambia kwamba vijana wenye moyo huo wapo tele, wanasubiri tu Siku ya Mlolongo, na wageni wakaribie waje wajionee. Jioni ile ile aliunda Kamati ya Kuhamasisha. Faili la kamati lilikaa mezani kwake juu ya faili la kukabidhi majengo kwa Chuo cha Itifaki, na mafaili hayo mawili yaliishi pamoja kwa amani bila kufahamiana.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Pazi, mtu mkunjufu, mwenye jasho jingi, aliyepata sifa kwa kuongoza Kamati ya Kuhamasisha Ulaji wa Samaki, iliyofanikiwa mpaka samaki wakaadimika. Alikuja kituoni na msafara wa magari, akamwomba Daktari Hiza ampatie mgonjwa mmoja wa kupiga picha ya bango.

Wakatembezwa. Ilikuwa asubuhi, wagonjwa wengine walikuwa wanafua, wengine wanacheza dama kwa vizibo vya soda. Mwanamke mmoja alikaa peke yake akilia taratibu, bila kelele, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Mpiga picha aliwazunguka wote na hakufungua kamera.

"Mzee, hawa hawafai," Pazi alinong'ona. "Hawaonekani."

"Hawaonekani vipi?"

"Yaani, wanafanana na watu."

Ikabidi mweka hazina wa kamati ajitolee. Walimvuruga nywele, wakampaka matope shavuni, wakamwambia atoe macho, na kijana wa itifaki aliyevaa koti jeupe akamkaba kwa nyuma. Chini ya picha waliandika kwa herufi nyekundu: KIJANA, KICHAA NI MTU PIA. UNAWEZA KUMDHIBITI. Bango hilo likabandikwa nchi nzima, kuanzia vyuoni mpaka kwenye vituo vya mafuta. Inasemekana lilikuwa na mafanikio makubwa. Watoto wa mweka hazina walizomewa shuleni mpaka wakahamishwa, mkewe akaitwa kwao kwa mazungumzo, na yeye mwenyewe, akienda dukani, alipewa chenji yake kwa kurushiwa. Alijaribu kueleza kwamba ile ilikuwa picha tu. Watu walimwitikia kwa sauti ile ya upole inayotumika kwa wagonjwa.

Fundi Kitwana alipoliona bango kwenye ukuta wa nje, aliuliza kama na Daktari analiona. Daktari Hiza akasema ndiyo, analiona. Kitwana akashusha pumzi. Alidhani ni zile kuta zake.

*

Baada ya bango ikaja hotuba. Wanafunzi wote wa udaktari walikusanywa ukumbini, na Daktari Hiza akawekwa kwenye meza kuu, pembeni, nyuma ya shada la maua ya plastiki.

"Ndugu wanafunzi," alisema Pazi, "tuambiane ukweli. Moyo umejaa. Watoto wamejaa. Macho yamejaa. Kila kiungo mnachokijua kina foleni. Lakini kichwa, ndugu zangu, kichwa kiko wazi! Kichwa hakina foleni!"

Aliwaahidi posho ya kuvumilia. Aliwaahidi kofia ngumu na buti, vyote mali ya mwanafunzi hata baada ya kuhitimu. Aliwaahidi kwamba serikali, kwa kujali heshima yao, haitaandika fani yao kwenye cheti, hivyo hata wakwe hawatajua. Kisha akavua koti na kuimba beti mbili za wimbo wa kampeni, kwaya ya wizara ikiitikia.

Daktari Hiza alitazama nyuso za vijana. Kabla ya hotuba kulikuwa na wachache waliokuwa wakimfuata kwenye korido kumwuliza mambo kwa sauti ya chini, kama watu wanaoulizia dawa ya minyoo. Aliwaona wakiinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine. Kijana mmoja mrefu, aliyekuwa ameazima kitabu kwake, alikirudisha pale pale kwa kumpitishia chini ya meza.

Sikudhani alinyoosha mkono. Aliuliza, kwa adabu, kama kamati imefikiria wagonjwa wasiorusha mawe: wale wanaokaa tu, wasiokula, wanaotazama ukuta mpaka wanakufa.

Pazi alimnong'oneza katibu wake, katibu akafungua kabrasha, wakasoma pamoja.

"Swali zuri, binti. Hao hawamo kwenye bajeti."

Ukumbi ukacheka. Sikudhani alikaa chini, na Daktari Hiza akaona kuwa hakucheka wala hakuinamisha kichwa. Alikuwa akimtazama Pazi kama alivyomtazama Fundi Kitwana siku ya kwanza, kwa makini na bila haraka.

*

Siku chache kabla ya mlolongo, mama yake Sikudhani alikuja kituoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mshonaji, na sindano mbili alizozisahau kifuani zikimetameta. Alikataa kukaa.

"Daktari, wewe una watoto?"

"Sikujaliwa, mama."

"Basi ndiyo maana. Mwanangu amesoma mpaka macho yamemwingia ndani. Mimi nimeshona usiku na mchana, mgongo huu si wangu tena. Leo unanichukulia mwanangu aje akabe watu waliopakwa matope?"

Alisema mengi, na Daktari Hiza hakumkatiza. Alisema watu wa upande wa mchumba wameshaliona lile bango na wameshatuma mtu kuulizia. Alisema siku hiyo ya mlolongo atakuwa jukwaani na atatumia haki yake ya kuvuta, amvute mtoto ampeleke kwenye moyo, na asije mtu akamlaumu.

"Watasema nini watu wakimwona amesimama nyuma yako? Watasema anayo sababu. Watasema anaye mtu wa kwao humu."

"Labda anaye," alisema Daktari Hiza taratibu.

Mama alitazama mlango, akatazama kigoda, mwisho akakaa juu yake kama mtu aliyesukumwa.

Daktari Hiza alimmiminia chai. Kisha akamwuliza swali lake, lile la siku zote: yeye mwenyewe, mama, analala?

Halali. Hajalala vizuri tangu mumewe alipoanza kutolala. Mumewe alikuwa tarishi serikalini, mtu wa mzaha, anayejulikana mtaa mzima. Mwaka wa uchaguzi alisimama kwenye mlolongo wa mgombea aliyempenda. Mlolongo ule ulitoka shuleni, ukapita sokoni, ukapinda kwenye kisima. Ule mwingine ulikuwa na watu wa kujaza benchi. Mkurugenzi akapita na fimbo yake, akatazama mbele, akatazama nyuma, akatangaza kwamba wa benchi ndio mrefu.

"Akarudi nyumbani akiuliza," mama alisema. "Mliuona? Anamwuliza kila mtu. Wewe si ulikuwepo, si uliuona? Watu wanamwambia, bwana we, sisi hatukuangalia. Hata mimi, Daktari. Nina mtoto mdogo, nina cherehani ya mkopo. Nikamwambia sikuona. Basi akaanza kutilia shaka macho yake. Akaacha kutoka. Akawa anakaa anatazama ukuta tu. Mpaka siku ile alipotutoka. Majirani niliwaambia alikuwa na presha."

Chai ilikuwa imepoa. Daktari Hiza hakumwambia kwamba hakukosea wala kwamba alikosea. Alimwambia tu kwamba ule ulikuwa ugonjwa, kwamba una jina, na kwamba wapo watu waliowahi kupona.

"Sikudhani anajua?" mama aliuliza.

"Hajawahi kuniambia. Lakini anapenda kukaa na wanaotazama ukuta."

Mama alisimama, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akamwambia Daktari Hiza kwamba chai yake haina sukari, na kwamba msimamo wake uko pale pale. Akaondoka. Daktari Hiza alimsikiliza akishuka ngazi na akaona kwamba tumaini lake moja limekwenda naye.

*

Siku ya Mlolongo uwanja ulifurika. Wageni wa Nia Njema walikaa chini ya turubai, kamera zao zikiwa tayari. Daktari Hiza alikwenda kwenye duara lake karibu na vyoo, akaambiwa limehamishwa: sasa lilikuwa katikati kabisa, mbele ya wageni, nalo limepakwa rangi ya bluu. Akasimama humo akiwa amezoea kutogeuka, kwa sababu katika miaka yake yote hakukuwa na kitu cha kutazama nyuma yake.

Filimbi ikapigwa. Akasikia vishindo vya miguu mingi. Alipogeuka hakuamini. Nyuma yake ulikuwa umejipanga mlolongo wa makoti meupe uliokwenda mpaka golini, ukazunguka kibendera cha kona na kutokea getini. Kwa sekunde chache, na jambo hili alikuja kulikumbuka kwa aibu, moyo wake ulijaa furaha. Kisha akaanza kutambua nyuso. Kulikuwa na kwaya ya wizara. Kulikuwa na bendi ya magereza, koti jeupe juu na suruali ya gwaride chini. Kulikuwa na timu mbili za mpira, na madereva wa msafara wa Waziri.

"Kijana," alimwuliza aliyesimama nyuma yake kabisa, "umeipendea nini fani hii?"

"Fani gani, mzee?" kijana alijibu. "Sisi tumeambiwa tusimame hapa mpaka soda zije."

Kamati, kwa kuogopa aibu mbele ya wageni, ilikuwa imejihakikishia mafanikio. Ilikuwa imefikiria kila kitu, makoti, soda, mafunzo ya kupunga mkono. Kitu kimoja tu haikukifikiria, nacho ni kwamba huenda akatokea mwanafunzi.

Sikudhani alitokea. Alitoka upande wa wanafunzi peke yake, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akaja kutafuta mwisho wa mlolongo. Mkurugenzi wa Milolongo alimzuia kwa fimbo.

"Huku kumejaa, binti."

"Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, baba."

"Ndiyo nasema kumejaa. Kila fani ina kikomo chake, hapa tumeshapita. Nenda mifupa, kule kuna nafasi. Usituharibie mlolongo wa watu."

Akasukumwa kwa upole mpaka kwenye mifupa. Daktari Hiza aliita, lakini sauti yake haikuwa imeumbwa kwa viwanja, na bendi, ambayo nusu yake haikuwa imevaa makoti, ilikuwa inapiga. Akainua mguu kutoka kwenye duara. Pazi alimfikia akihema, jasho likimtiririka hadi kwenye beji.

"Mzee wangu, usitoke. Bingwa akitoka kwenye duara mlolongo wake unavunjika, unaijua kanuni. Wageni wanaona. Ukivunja, fani imekosa mtu mwaka wa tatu. Kesho Itifaki wako getini kwako, na mimi sijui watanifanya nini."

Daktari Hiza alitazama miguu yake. Mmoja ulikuwa ndani ya bluu, mwingine nje. Ndani kulikuwa na uongo mrefu kupita kiasi, na nyuma ya uongo huo kulikuwa na Fundi Kitwana na mwanamke anayelia taratibu na paa juu ya vichwa vyao. Nje kulikuwa na binti mmoja kwenye mlolongo wa mifupa. Hakuwa mtu wa kuamua haraka, na siku hiyo hakupewa muda. Akaurudisha mguu.

Ndipo ilipotangazwa saa ya kuvuta.

Wazazi wakashuka kama kawaida, watoto wakaburutwa kwenda kwenye moyo. Mama Sikudhani alishuka wa mwisho, akishika ngazi moja moja, na gauni lake la kujishonea. Alimshika binti yake mkono. Watu wa jukwaani waliomjua wakatabasamu, maana kutoka mifupa hadi moyo ni hatua chache. Lakini hakwenda kwenye moyo. Alikata katikati ya uwanja, akimvuta mwanawe aliyekuwa hajui avutwe au asimame, akafika mbele ya duara la bluu.

Fimbo ikashuka mbele yake. Mkurugenzi alimwambia kwamba hapo pamejaa.

"Mlolongo unajaa," mama alisema. "Kuvuta hakujai."

Mkurugenzi akatazama upande wa Waziri. Waziri alikuwa akiwatabasamia wageni. Wageni, ambao hawajawahi kuona mila hiyo, walikuwa wameelekeza kamera zote kwa mwanamke mfupi mwenye gauni la maua. Pazi akaashiria kwa kichwa, haraka haraka, apite. Mzazi humweka mwanawe popote anapotaka kwenye mlolongo, na mama huyu alimsogeza kijana wa soda kwa kiwiko, akamsimamisha Sikudhani mbele, nyuma tu ya Daktari Hiza.

Hakuondoka. Alimgeukia Mkurugenzi, mzee sasa, fimbo ile ile, na akasema bila kupaza sauti.

"Wewe ndiye uliyepima ule wa mume wangu. Ulioanzia shuleni ukapinda kisimani."

Mkurugenzi aliitazama fimbo yake.

"Niliuona," alisema mama. "Nilikuwepo, niliuona. Sasa pima huu."

Mkurugenzi alitazama mbele, alipo Sikudhani. Alitazama nyuma, kule makoti yalikoishia. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alichukua muda mrefu.

"Ni mrefu," alisema. Ilikuwa vigumu kujua alikuwa akisema upi.

*

Getini makoti yalikusanywa na soda zikagawiwa. Redio ilitangaza jioni ile kwamba mamia ya vijana wamejitokeza kusomea tiba ya akili, idadi ambayo haijapata kuonekana popote, na kwamba hali ni shwari. Wageni walifurahi, wakajenga geti jipya la kituo, lenye majina yao. Hospitali yenyewe itafuata.

Kituo hakikufungwa. Daktari Hiza alilitafakari jambo hilo kwa siku nyingi, na hakupata pa kulilaumu kwa urahisi. Hakuna ofisa aliyethubutu kufunga fani yenye wanafunzi wengi kuliko zote bila kueleza wamekwenda wapi. Chuo cha Itifaki kilipewa maktaba ya taifa. Wanafunzi wale mamia waliendelea kusoma kwa bidii kwenye karatasi za wizara, wakipokea posho ya kuvumilia kila mwezi, na inasemekana mwishoni mwa mwaka wote walifaulu. Sikudhani hakuwamo. Orodha ilikuwa imechapwa kabla ya mlolongo, na wizara ilipoombwa kumwongeza ilijibu kwamba fani imejaa. Kwa mujibu wa serikali alikuwa anasomea mifupa.

Alikuja kituoni kila asubuhi hata hivyo, na kigoda chake. Mchumba alighairi, kisha akaghairi kughairi kwake, na mama akamwambia angoje kwanza, asiwe na haraka. Siku za Jumamosi mama alileta cherehani yake verandani akashona mashuka ya wodi, akilalamika kuhusu chai.

Siku moja mchana gari lisilo na namba lilisimama nyuma, upande wa jikoni. Bwana Pazi alishuka amevaa miwani ya jua na kofia iliyoshushwa mpaka masikioni. Alikuwa amekonda. Alimwambia Daktari Hiza kwamba amekuja kwa niaba ya rafiki yake, mtu mkubwa serikalini ambaye hawezi kutajwa, mwenye tatizo dogo tu la kiutendaji.

Daktari Hiza aliinuka nusu kutoka kitini. Kisha akakaa tena, akamwonyesha kwa kidole mlango wa chumba cha pili.

Pazi aliingia. Alipoona ni nani aliyekaa humo alitaka kurudi nyuma, lakini Sikudhani alikuwa ameshamsogezea kiti.

"Karibu ukae, baba," alisema. "Huyo rafiki yako, alilala lini mara ya mwisho?"

Huko nje dereva alikuwa amefungulia redio kusikiliza taarifa ya habari. Pazi aligeuka akautazama mlango, kuona kama umefungwa. Ulikuwa wazi kidogo. Daktari Hiza, aliyekuwa amemfuata, akanyoosha mkono kutoka kwenye korido na kuufunga, na kabla haujakaza aliona miwani ikivuliwa.